Joto la Mombasa halizuii kusafisha filamu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu maneno wanayoambiwa vijana wa hapa mjini kila wanapoingia dukani na roli ya filamu mkononi. Wanaambiwa filamu ya weusi na weupe haisafishiki Mombasa kwa sababu ya joto, basi waiache hapo, itiwe kwenye bahasha, ipande basi la usiku kwenda Nairobi. Wiki zinapita. Ikirudi, mtoto wa watu ameshalipia filamu, nauli ya bahasha, usafishaji, na faida ya mwenye duka ambaye kazi yake ilikuwa kuandika jina juu ya bahasha.

Mimi ni mstaafu. Miaka yangu ya ajira niliimaliza ndani ya chumba cha giza cha eksirei, katika hospitali moja ya hapa kisiwani, enzi ambapo picha ya mfupa ilikuwa filamu ya kutumbukizwa kwenye dawa kwa mkono. Joto la Mombasa nimelijulia humo, katika chumba kisicho na dirisha, kaskazi inavuma na kiyoyozi kimekufa. Mgonjwa aliyevunjika paja hakuambiwa asubiri basi la usiku. Picha ilitoka na daktari akaisoma. Na mjini wenye studio walifanya kazi katika joto hilo hilo. Picha za maharusi na marafiki zilizopigwa na N.V. Parekh katika studio yake ya Mombasa leo zinatundikwa kwenye maonyesho ya ng'ambo, na watu wanazitazama bila kuuliza siku hiyo nyuzijoto zilikuwa ngapi.

Ninayoizungumzia hasa ni filamu ya 120, ile pana iliyoviringwa pamoja na karatasi yenye namba mgongoni. Ipo tangu mwaka 1901 na hadi leo inatengenezwa. Kamera yangu ni Yashica Mat-124G ya lenzi mbili, unayoining'iniza kifuani na kuitazama kwa juu, kulia kukiwa kushoto. Roli moja inatoa picha 12 za mraba, basi. Lakini kila negativu, yaani picha iliyo kwenye filamu yenyewe, nyeusi ikiwa nyeupe, ina karibu sentimita 6 kwa 6, eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la negativu ya milimita 35. Kwa ukubwa huo huhitaji hata mashine ya kukuzia. Ilaze juu ya karatasi ya picha, weka kioo, washa taa kidogo, pitisha karatasi kwenye dawa, na una picha ya kumwonyesha mtu.

Sasa hilo joto. Dawa ya kutoa picha, yaani divelopa, hufanya kazi upesi ikiwa na joto na polepole ikiwa baridi, na viwanda huandika muda wao kwa nyuzi 20. Filamu ya Ilford HP5 katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huchukua dakika saba na nusu kwa nyuzi hizo. Nyumbani kwangu Tudor, tangi liko juu ya paa, na saa nane mchana wakati wa kaskazi maji ya bomba yanapita nyuzi 30. Kwa joto hilo muda unashuka chini ya dakika nne. Hapo ndipo filamu inapoharibika: dawa haijapata wasaa wa kuenea sawasawa, na anga linatoka na mabaka na michirizi. Aliyeharibu roli namna hiyo ndiye anayerudi mtaani kusema joto limekataa.

Kinachotakiwa ni kuizimua dawa. Kipimo kimoja cha ID-11 kwa kimoja cha maji, na muda wa HP5 kwa nyuzi 20 unakuwa dakika 13. Kwa nyuzi 24 unakuwa karibu dakika 9, muda wa kutosha kabisa kufanya kazi bila pupa. Kwa hiyo mimi sipiganii nyuzi 20, ambazo hapa kwetu ni za kwenye friji. Napigania 24. Natia maji kwenye beseni la kufulia, nasimamisha majagi ya divelopa, siki nyeupe iliyozimuliwa ya kuisimamisha divelopa, fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji ya kusuuzia, kisha nazamisha kando yao chupa za soda nilizojaza maji na kuzigandisha tangu jana. Barafu haiingii ndani ya dawa, maana itaizimua zaidi ya kipimo. Unakaa na themomita, unakoroga, unasubiri. Unaona 29, 27, kisha inagoma kwenye 26 na unaongeza chupa nyingine. Ikifika 24 unazitoa chupa, unamimina divelopa kwenye tangi la filamu, unaligonga tangi mara moja mezani ili viputo vya hewa viachie, na unaanza kulipindua kwa sekunde 10 kila dakika.

La muhimu, majagi yote yawe na joto moja. Utando unaobeba picha ni jelatini. Ukiutoa kwenye divelopa ya nyuzi 24 na kuutupa kwenye maji ya bomba ya nyuzi 31, waweza kujikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini mchana kutwa, na mikunjo hiyo haifutiki.

Nasikia pia kwamba kazi hii inataka maji ya kutiririka nusu saa. Kwa mji ambao sisi wengine tunanunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, hilo lingekuwa tusi. Kampuni ya Ilford yenyewe inafundisha njia nyingine kwa anayetumia fiksa ya haraka isiyo na kigandisho, dawa ya kukaza jelatini: jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, jaza tena, mara 20, mwaga. Tangi la roli moja ya 120 linachukua kama nusu lita, kwa hivyo umeosha filamu kwa lita moja na nusu. Mimi humalizia kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta (maji, si asidi!) kwa sababu maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya negativu utaiona kwenye kila picha. Kisha filamu inaning'inia mahali pasipo vumbi wala mende. Msicheke. Mende anakula jelatini, na haulizi ni harusi ya nani.

Tatizo la kweli la Mombasa ni jasho. Mfuko mweusi wa kupakilia filamu ndani yake, ule wa mikono miwili, kwetu unageuka sauna. Baada ya dakika chache vidole vimelowa, filamu inanata kwenye spuli ya plastiki inayoingia ndani ya tangi na haisogei mbele wala nyuma. Mimi mfuko nimeuacha. Napakia baada ya isha, chumbani, taa zote zimezimwa na upenyo wa mlango umezibwa kwa leso, spuli ikiwa kavu kabisa. Stima zikipotea mtaa mzima, majirani wanalalamika nami naenda kuchukua filamu zangu. Na taa nyekundu muisahau. Tuliitumia kwenye eksirei kwa sababu filamu zile hazikuiona rangi hiyo. HP5 inaona rangi zote na itaungua.

Kuhusu upigaji nitasema moja tu. Jua letu la mchana ni kali, na katika harusi ya Mji wa Kale bwana yuko kwenye kanzu nyeupe, shangazi kwenye buibui jeusi, wote ndani ya fremu moja. Pima mwanga wa uso ulio kivulini, si wa ukuta uliopakwa chokaa, kisha punguza kidogo muda wa kusafisha ili kanzu isigeuke doa jeupe tupu. Anayetuma roli yake kwa basi hawezi kuchagua hivyo. Kule zinasafishwa zote kwa muda mmoja, ya harusi ya saa saba mchana pamoja na ya mibuyu ya Mama Ngina iliyopigwa kwenye mawingu ya masika.

Fiksa iliyotumika msiimwage hovyo, hasa sisi tunaoishi kando ya mikoko ya Tudor. Ndani yake kuna madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Hospitalini ilikusanywa na fedha ikatolewa. Nyumbani iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko na utumbukize sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Chuma kitayeyuka polepole na fedha itaanguka chini kama tope jeusi.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Kumbi za jamii, kama ule wa Tononoka, zitenge chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye bomba na meza. Na hospitali na studio zilizoingia kwenye kompyuta ziache kuuza matangi, themomita na saa za chumba cha giza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona kwa macho yangu saa ya namna hiyo, nzima, ikipimwa kwa kilo pamoja na rimu za baiskeli.

Chumba kikipatikana, niko tayari kuja Jumamosi asubuhi kufundisha bila malipo. Tangi, themomita na beseni nitabeba mwenyewe. Barafu mtaleta nyinyi.

Mstaafu wa eksirei,
Tudor, Mombasa