Mtoto Kajifungia Chumbani, Ufunguo Uko Ndani

Simu za namna hii hunijia asubuhi, mama au dada akiwa jikoni: "Fundi, wahi, mtoto kajifungia!" Majuzi ilikuwa Tabata. Mtoto wa miaka miwili na kitu, chumbani peke yake, dirisha lina nondo. Nilikuta majirani wamejaa koridoni na kijana mmoja keshashika nyundo. Mtoto analia, mama analia kumzidi.

Ufunguo wa akiba mama alikuwa nao mkononi, haukumsaidia. Vitasa vingi vya vyumba vyetu tundu lake limepenya upande hadi upande, kwa hiyo ufunguo ukibaki ndani, wa nje hauingii. Mtoto akiuzungusha mzunguko kamili, husimama wima tena, na huo nausukuma kwa waya ukaangukia gazeti nililopenyeza chini ya mlango. Huyu aliuacha katikati. Hapo hausukumiki. Ilibidi niikamate ncha kwa koleo ya mdomo mwembamba na kuigeuza kidogo kidogo, huku mama kachuchumaa mlangoni akimwimbia mwanawe asije akaushika tena. Tulitoka jasho wote.

Dawa yake ni bure: toa funguo zote za vyumba vya ndani leo hii, zitundike kwenye msumari mtoto asikofika. Ukitaka kujifungia, weka komeo juu, kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Chooni nashauri kitasa cha kuzungusha kwa ndani ambacho kwa nje kina mfereji mwembamba kama wa kichwa cha skrubu. Unakifungua kwa sarafu.

Kuna wateja hutaka niwafungie kufuli kwa nje ili watoto wasitoke, ufunguo uondoke na baba kazini. Hiyo kazi siifanyi. Moto ukizuka, nyumba yenye nondo kila dirisha haina njia nyingine. Komeo la juu linamzuia mtoto, na mtu mzima analifungua kwa mkono mmoja.

Vidole navyo. Wengi huangalia upande wa kitasa, kumbe upande wa bawaba ndio unaosaga, maana pale mlango unabana kwa nguvu zaidi. Msimu wa kusi mlango unajibamiza wenyewe. Kandambili iliyopachikwa chini inasaidia, ila mtoto huichomoa na kuivaa. Taulo lililokunjwa juu ya mlango halifikii.

Geti la kusukuma kwenye reli ndilo linalonitisha kuliko yote. Kama mwisho wa reli hakuna kizuizi kilichochomelewa, geti linaweza kuchomoka na kuanguka, na chuma kile kinaua. Watoto wakionekana wanalisukuma kwa mchezo, wazuie mpaka likaguliwe. Tukija kwako, tunaanzia hapo, kisha vyumbani. Bei unaambiwa kabla sijatoboa tundu lolote.

Na ukinipigia mtoto akiwa tayari amejifungia, niambie ufunguo uko ndani au hapana, na kama kuna jiko, pasi au ndoo ya maji humo. Kukiwa na hatari hiyo, au mtoto kanyamaza ghafla, mlango uvunjwe, usinisubiri. Vinginevyo mwondoe mwenye nyundo. Mtoto anayemlilia mama yake huwa kasimama nyuma ya mlango huohuo.