Jumamosi: Hokuto no Ken na maoni yenu

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunaanza saa 8 mchana, si saa 10 tena, kwa sababu nataka tupate saa nzima ya maongezi. Mahali ni palepale, sebuleni kwangu.

1. Tutaona sehemu ya kwanza ya Hokuto no Ken, tamthilia ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1984, kisha filamu yake ya 1986.

2. Mchango ni 3,000 kwa kila mtu, ya chai, vitafunio na luku. Mtumieni mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

3. Watoto wabaki nyumbani, tafadhali. Kenshiro, shujaa wa hadithi, anamgusa mtu kwa kidole tu, yule bado anaongea na kutamba, mara kichwa kinavimba na kupasuka. Kwenye tamthilia miili inayopasuka huonyeshwa kama kivuli. Filamu ina ukali zaidi.

Kila mmoja aje na maoni yake: je, damu ile ina kazi kwenye hadithi, au inatuchosha? Mimi naona ina kazi. Mtazameni Lin, yule binti asiyeweza kusema, anavyompelekea Kenshiro maji kifungoni. Dunia imeungua kwa vita vya nyuklia, maji yana thamani kuliko fedha, naye anayatoa. Bila ukatili unaomzunguka, kikombe kile kisingenigusa hivyo. Wanaopinga nawasubiri kwa hamu, semeni bila woga.

Naomba kila mtu aandike hapa “Nipo” au “Sipo” kabla ya Alhamisi saa 3 usiku, nijue idadi ya viti. Mwenye spika nzuri anijulishe leo. Karibuni sana.