Vitabu vya hadithi vitoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni seremala hapa Ilomba, jijini Mbeya. Mwezi uliopita niliitwa katika shule moja ya msingi, jina naliacha, kutengeneza kabati la ofisini kwa mwalimu mkuu. Ufunguo ulikuwa umekatikia ndani ya kitasa na muhula mzima hakuna aliyelifungua. Nikang'oa kitasa, mlango ukaachia, nikakuta rafu nne zimejaa vitabu vya hadithi. Si vya kiada. Ni vile vya ziada, vyembamba, vya picha, ambavyo mtoto wa darasa la pili anamaliza kimoja akiwa amekaa kizingitini anasubiri uji upoe. Vingi vilikuwa bado vimefungwa kamba kumi kumi, kama vilivyoletwa.

Mwanangu anasoma shule hiyohiyo, darasa la tatu. Nyumbani husoma maandishi ya nyuma ya bajaji na gazeti lililofungiwa vitumbua. Gazeti lenyewe huwa limechanwa katikati ya habari, basi ananiuliza mwisho ulikuwaje, na mimi sijui. Siku ile nimesimama na bisibisi mkononi, nikamkumbuka.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuweka kitasa kipya, kigumu kuliko cha kwanza. Nikakiweka. Nikalipwa.

Sisemi mwalimu mkuu ni mtu mbaya. Nilimuuliza, naye akanieleza bila kinyongo. Kila kitabu kimeandikwa kwenye leja, ni mali ya serikali. Wakija wa kuhesabu, wakatarajia 200 wakakuta 188, hawaulizi ni watoto wangapi wamesoma. Wanauliza 12 viko wapi, na wa kujibu ni yeye. Mwaka fulani aliwahi kuruhusu watoto waende navyo nyumbani. Vikarudi vimelowa, kimoja hakina jalada, viwili havikurudi kabisa, akatakiwa kufidia. Ningekuwa yeye, hata mimi ningefunga.

Ndiyo maana naona kelele zetu za "vitabu hakuna" zinapita kando. Kwenye leja, kitabu kilichokaa miaka 5 bila kuguswa ni kizima, na kilichopita mikononi mwa watoto 60 kikachanika ni hasara. Mimi patasi yangu ikinolewa mpaka ikawa fupi kama kidole, nanunua nyingine, wala simdai mwanagenzi aliyeitumia. Ninayemgombeza ni yule ambaye patasi ya mwaka jana bado ina rangi ya dukani.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji ni karatasi moja tu yenye muhuri. Iseme kwamba vitabu vya ziada ni vya kuazimwa, na kwamba kiasi fulani kikichakaa au kupotea kwa mwaka kinafutwa kwenye leja kwa muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, bila mwalimu kukatwa hela wala mzazi kutozwa. Kiasi gani, wenye hesabu zao wakae. Mtoto achukue kitabu Ijumaa, akirudishe Jumatatu, kiranja aandike majina kwenye daftari. Hilo la mzazi kutozwa nalisema kwa sababu ada ya shule ya msingi ilishafutwa, lakini sare, madaftari na mchango wa uji vipo, na jirani yangu mmoja alimkataza binti yake kubeba kitabu cha shule akisema kikipotea atatoa wapi hela. Mtoto akakirudisha siku hiyohiyo, hajakifungua.

Mvua? Ni kweli, Mbeya kuanzia Desemba mpaka Aprili ukitoka na karatasi unarudi na uji. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Juni 2019. Lakini mafundi cherehani wa Mwanjelwa wanatupa vipande vya vitenge kila jioni, na mfuko wa tabaka mbili wenye mkanda wa begani haumchukui fundi nusu saa. Nimeongea na wawili, wamekubali kujaribu.

Wapo watakaosema maktaba ipo. Ipo, Maktaba ya Mkoa iko mjini, na sheria ya huduma za maktaba tunayo tangu 1963. Lakini mtoto wa miaka 8 wa Uyole, kilomita kama 10, hawezi kuachwa apande daladala peke yake kwenye barabara kuu ya Zambia. Anahitaji mtu mzima na nauli ya watu wawili, na Jumamosi huyo mtu mzima yuko sokoni. Nakiri kwamba hata mimi wa karibu zaidi sijawahi kumpeleka wangu. Na vya kwenye simu, simu ya nyumbani ni moja, asubuhi inaondoka na baba.

(Rafu ya chini ya kabati lile ilikuwa na vitabu vya msaada, vya Kiingereza, nikafunua kimoja: mbwa amelala kitandani, amefunikwa blanketi. Hivyo sivigombanii sana.)

Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa wazazi. Likawekwa kwenye mengineyo. Tulipomaliza la uji mawingu yalikuwa yameshafunga, watu wakaanza kunyanyuka, na mengineyo yakaahirishwa. Ndipo nikaona nikuandikie wewe.

Mbao za paina kutoka Mufindi ninazo, na mabaki hayakosekani. Naweza kutengeneza sanduku la wazi, lisilo na mlango, la kukaa ndani ya darasa, moja kwa kila darasa la shule ile, bila malipo. Kitasa nilichoweka kilikuja na funguo 3, zote nilimkabidhi mwalimu mkuu. Siku ile karatasi ikifika, aniite nije kukitoa. Hiyo nayo sitachaji.

Seremala,
Ilomba, Mbeya