Kampuni moja isihesabiwe kuwa kampuni mia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu kodi za kampuni za kimataifa, jambo ambalo huandikwa mara kwa mara katika magazeti ya Kiswahili, lakini karibu kila mara kwa neno moja tu: ukwepaji. Neno hilo lina maana yake kisheria. Anayekwepa kodi huficha mapato, hughushi vitabu vya hesabu au huidanganya mamlaka, na akigundulika hushtakiwa. Kampuni ninazotaka kuzizungumzia hazina haja ya kufanya hayo. Huwasilisha hesabu zilizokaguliwa, huajiri wanasheria na wahasibu hodari, kisha huonyesha kifungu kwa kifungu kwamba faida iliyopatikana katika nchi hii ni mapato ya nchi nyingine, ambayo kwa bahati njema haitozi chochote. Tukiendelea kulitumia neno ukwepaji kwa mambo yote mawili, wananchi wataendelea kusubiri mashtaka ambayo hayatakuja, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo huondoka kwa ruhusa ya sheria.

Ruhusa hiyo inatokana na kanuni moja ambayo wasomaji wengi hawajawahi kuelezwa waziwazi. Katika sheria za kodi za kimataifa, kila kampuni tanzu, yaani kampuni inayomilikiwa na kampuni nyingine, huchukuliwa kuwa mtu anayejitegemea. Kampuni mama ikiwa na matanzu 100 katika nchi 60, sheria huona watu 100 wanaouziana, wanaokopeshana na wanaokodishana mali, na hutaka tu kwamba bei wanazotozana zifanane na zile ambazo watu wasio na uhusiano wowote wangekubaliana sokoni. Lakini watu hao 100 wana mmiliki mmoja na bodi moja ya wakurugenzi, na mwisho wa mwaka hesabu zao huunganishwa katika ripoti moja kwa ajili ya wanahisa. Mwanahisa huonyeshwa kampuni moja. Mtoza kodi huonyeshwa mia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kampuni tanzu inauza bidhaa za dola milioni 100 katika nchi fulani, na gharama zake halisi za mishahara, malighafi na nishati ni milioni 60. Faida ni milioni 40, na kama kiwango cha kodi ni asilimia 30, serikali ya nchi hiyo ingepata milioni 12. Hata hivyo, nembo iliyobandikwa kwenye bidhaa hizo imesajiliwa kwa jina la kampuni dada iliyo katika kisiwa kisichotoza kodi ya kampuni, kwa hiyo tanzu inalipa mrabaha wa milioni 15 ili iruhusiwe kutumia jina lake yenyewe. Mtaji wa kuanzia haukuletwa kama hisa, uliletwa kama mkopo kutoka kwa dada wa pili, na riba ya mwaka ni milioni 14. Dada wa tatu anadai milioni 8 kwa huduma za usimamizi na ushauri. Zinabaki milioni 3, na kodi yake ni dola 900,000. Mkono wa kulia umemuuzia mkono wa kushoto, na fedha zote zimebaki kwa mwenye mikono. Nchi nyingi siku hizi zimeweka kikomo cha riba inayoruhusiwa kukatwa kabla ya kodi, na hilo ni jambo jema, lakini kikomo hicho hakigusi mrabaha wala ada za usimamizi.

Atakayesema kwamba huu ni mfano wa kubuni na asome shauri la Apple nchini Ireland. Mwezi Agosti 2016, Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilieleza kwamba faida ya mauzo ya kampuni hiyo katika sehemu kubwa ya Ulaya iliandikwa katika matanzu mawili yaliyosajiliwa Ireland, na humo ndani sehemu kubwa ya faida ikahesabiwa kuwa ya “makao makuu” ambayo hayakuwa na jengo wala mfanyakazi, na hayakutozwa kodi na nchi yoyote. Kwa hesabu za Kamisheni, kufikia mwaka 2014 moja ya matanzu hayo lilikuwa likilipa asilimia 0.005 ya faida yake ya Ulaya, yaani yuro 50 kwa kila yuro milioni moja. Serikali ya Ireland yenyewe ilikwenda mahakamani kupinga kulipwa yuro bilioni 13 ilizoamriwa kuzidai, maana iliona kwamba sifa yake kama mahali pa kuwekeza ina thamani kubwa kuliko fedha hizo. Uamuzi wa mwisho ulitolewa Septemba 2024, na Apple ikashindwa. Jambo ninaloomba lizingatiwe ni silaha iliyotumika. Kampuni hiyo haikushindwa kwa sheria ya kimataifa ya kodi, ilishindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya inayokataza serikali mwanachama kuipa kampuni upendeleo unaoharibu ushindani. Nchi zilizo nje ya Umoja huo hazina silaha ya namna hiyo.

Nchi hizo zina kazi ngumu zaidi, ya kuthibitisha bei ya kila muamala mmoja mmoja. Mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya Zambia iliipa ushindi mamlaka ya mapato ya nchi hiyo dhidi ya mgodi wa Mopani, ambao ulikuwa ukiiuzia shaba kampuni ya Glencore, mmiliki wake mkuu, kwa bei iliyo chini ya ile waliyotozwa wanunuzi wengine. Ushindi huo ulistahili kushangiliwa, lakini mauzo yaliyobishaniwa yalifanyika zaidi ya miaka 10 kabla ya hukumu, na shaba angalau ina bei inayotangazwa kila siku katika soko la dunia. Mkaguzi atailinganisha na nini nembo ambayo haijawahi kuuzwa kwa mtu mwingine? Atapima vipi bei ya programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni moja peke yake? Mara nyingi hulazimika kutafuta viwango vya kulinganisha katika hifadhidata zilizojaa kampuni za Ulaya na Marekani, na mshauri wa upande wa pili huja na hifadhidata kubwa zaidi.

Kisha ipo mikataba ya kuzuia utozaji kodi mara mbili, ambayo kwa jina lake ni ya haki kabisa. Hata hivyo, mkataba kati ya nchi mbili hugeuka njia ya kampuni za nchi ya tatu kupunguza kodi. Mwaka 2010, kampuni ya mafuta ya Heritage Oil ilipokuwa ikiuza haki zake katika vitalu vya mafuta nchini Uganda, ilihamisha usajili wake kutoka Bahamas kwenda Mauritius, nchi iliyokuwa na mkataba wa kodi na Uganda. Uganda haikukubali, na baada ya mvutano mrefu uliofika hadi kwa wasuluhishi jijini London ilipata kodi yake ya zaidi ya dola milioni 400. Ni nchi ngapi zingekuwa na subira na wanasheria wa kufika huko?

Msingi wa kanuni hizi uliwekwa na Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, katika miaka ya 1920, kuanzia ripoti ya wanauchumi wanne ya mwaka 1923 hadi mikataba ya mfano ya mwaka 1928, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika na Asia ilikuwa chini ya ukoloni na haikuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Baadaye kazi ikashikwa na OECD, yaani jumuiya ya nchi tajiri. Shirika hilo lenyewe lilikadiria mwaka 2015 kwamba uhamishaji wa faida huzipotezea serikali za dunia kati ya dola bilioni 100 na 240 kila mwaka. Mwezi Oktoba 2021, nchi zaidi ya 130 zilikubali kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa kampuni zenye mapato ya angalau yuro milioni 750 kwa mwaka. Sikudharau hatua hiyo wakati ule na siidharau leo. Lakini inapotokea faida imetozwa chini ya kiwango hicho, wa kwanza kudai tofauti ni nchi iliyoipokea faida, akifuatiwa na nchi ya kampuni mama, na nchi ambako mali ilichimbwa au kuuzwa husimama mwisho wa foleni. Zaidi ya hapo, Januari 2025 Marekani ilitangaza kwamba makubaliano hayo hayana nguvu kwake, na Juni mwaka huohuo kundi la G7, la nchi saba tajiri, likaafiki kampuni zenye makao makuu Marekani ziachwe nje ya sehemu kubwa ya utaratibu huo.

Ndiyo maana nayapa uzito mkubwa mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu mkataba mpya wa kodi. Yalianzishwa kwa azimio lililowasilishwa na Nigeria kwa niaba ya nchi za Afrika na kupitishwa mwaka 2023 kwa kura 125 dhidi ya 48 katika kamati husika, na rasimu inatarajiwa kufikishwa mbele ya Baraza Kuu mwaka 2027. Hapo ndipo kanuni ya watu mia inapaswa kuondolewa. Faida yote ya kundi la kampuni ihesabiwe kwa pamoja kama inavyohesabiwa kwa ajili ya wanahisa, kisha igawiwe kwa nchi kulingana na mahali walipo wafanyakazi, mitambo na wateja, na kila nchi itoze fungu lake kwa kiwango ipendacho. Majimbo ya Marekani yamekuwa yakigawana mapato ya kampuni kwa fomula kwa miongo mingi. Ninachohofia ni fomula yenyewe: ikipima mauzo peke yake, nchi zenye wanunuzi matajiri zitachukua karibu kila kitu, na nchi inayotoa madini na jasho itaachwa kama ilivyo sasa. Wanaodai kwamba wawekezaji watakimbia wakumbuke kuwa mgodi hauhamishwi kwa karatasi, na wateja hawahami kwa kuwa nembo imesajiliwa kisiwani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila kikao cha mazungumzo hayo kinapomalizika, waandishi wako wawaulize wajumbe wa serikali kama waliunga mkono kampuni kuhesabiwa kuwa moja, na fomula gani waliitetea, kisha majibu yao yachapishwe, pamoja na majina ya waliokataa kujibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi