Mjomba hakuwa mlevi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inawakuta nyote wazima. Mimi huku sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Nakuandikia kwa ajili ya marehemu mjomba. Juzi kazini nilipewa vipande vya ini nivitie rangi, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anabanwa na pumzi. Nikajiuliza, mapafu ndiyo yanayougua, ini linatafutwa la nini? Nilipotazama kwa hadubini nikaona seli za ini zimejaa vitone vya mviringo, vyekundu vya kuelekea zambarau, kama shanga zilizomwagika. Mkuu wangu akanieleza kwamba ile ni protini iliyonasa humo ndani. Nikamkumbuka mjomba, dada, kazi ikanishinda kwa muda.

Protini hiyo inaitwa alfa-1 antitripsini. Ini ndilo linaloitengeneza, kisha damu huipeleka mapafuni. Chembe nyeupe za damu zinapopambana na vijidudu humwaga kimeng'enya kiitwacho elastazi, nacho hakibagui: kisipozuiwa kinatafuna hata kuta za vifuko vya hewa. Antitripsini ndiyo inayokizuia. Sasa wako watu waliorithi kasoro kwa baba na kwa mama, wazazi wenyewe wakiwa wazima kabisa. Katika asidi amino 394, yaani vipande vidogo vinavyoiunda protini hiyo, moja tu, ile ya 342, imebadilika. Basi, protini inajikunja vibaya, inashikamana na wenzake, na sehemu kubwa haitoki tena nje ya seli. Mapafu yanabaki bila mlinzi, na ini linabaki na mzigo.

Huo mzigo ndio wanaouita msongo wa seli. Seli haikubali kushindwa upesi. Inatumia protini saidizi zijaribu kuzikunja upya zile zilizopinda, inazivunjavunja zilizoharibika, nyingine inazimeza na kuzisaga. Inaweza kuishi hivyo miaka mingi, na wapo wenye kasoro hii ambao ini lao haliwasumbui kamwe. Lakini nyingine huelemewa, zikafa, na mahali pake pakaota makovu. Pombe huongeza mzigo, ni kweli. Ila ini linaweza kufika huko bila tone la pombe.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mjomba tumbo lilimvimba, pumzi zikamwishia, na hata siku ya mazishi watu walinong'ona kwamba alikuwa anakunywa kwa siri. Wewe na mimi tunajua hakunywa. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa huu ndio uliomuua, kwa kuwa hakupimwa, lakini mnong'ono ule ulikuwa dhuluma.

Na si jambo geni hili. Mwaka 1963 huko Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell alikuwa akikagua vipimo vya protini za damu, akaona katika vichache mstari wa protini hii haupo. Yeye na Sten Eriksson wakafuatilia wenye damu ile, wakakuta baadhi yao mapafu yameharibika wangali vijana.

Sasa dada, nina ombi. Unakumbuka binamu yetu alipozaliwa macho yalibaki ya manjano kwa wiki nyingi? Hiyo inaweza kuwa dalili. Zungumza na mkaza mjomba, taratibu, asidhani tunamlaumu. Binamu akamwombe daktari ampime kiwango cha alfa-1 antitripsini. Ni kipimo cha damu tu. Na sigara aache leo, asisubiri majibu: moshi wake unaiharibu hata ile antitripsini kidogo inayofika mapafuni. Akikutwa na kasoro hii, ipo tiba ya kumtilia protini hiyo mshipani ili mapafu yasiharibike haraka. Ini tiba hiyo hailisaidii, kwa hiyo lifuatiliwe peke yake.

Akikataa kukusikiliza, mwambie anipigie mimi, hata usiku wa manane. Nitapokea.

Wasalaam,
Mdogo wako