Ifunge hiyo folda, ndugu yangu

Juma,

Salamu kutoka Bwaise, Kampala, huku imenyesha siku mbili na unaijua Bwaise ikinyesha, viatu vyote viko juu ya meza. Nyimbo zako nimezipata, ile ya pili imenikamata kabisa, gitaa ya mwanzo usiiguse. Lakini si hiyo imenifanya nikuandikie usiku huu.

Ile linki ya folda ya nyimbo zako niliifungua kwenye kompyuta ya intaneti kafe, sijaingia kwa akaunti yoyote, ikafunguka tu. Yaani umeiacha wazi kwa yeyote mwenye linki, na linki yenyewe umeitupa kwenye grupu ya WhatsApp ambayo nusu ya watu hatuwajui. Ndani kuna biti, kuna sauti mbichi, halafu kuna picha ya kitambulisho chako cha taifa, mbele na nyuma! Jamani Juma! NIN, yaani ile namba yako ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mpaka kijiji. Najua uliiweka kwa sababu ya ile karatasi ya kugawana asilimia za mapato ya wimbo, lakini karatasi na sauti za wimbo zinakaa folda moja kwani ni ndugu?

Mimi yalinipata mwaka jana ndo maana napiga kelele. Mtu alinipigia akaniita kwa jina la nyumbani, lile hata wewe hulijui, akataja wimbo ambao bado haujatoka, akasema yeye ni promota anataka kunipa advansi ila nitume kwanza hela ya fomu kwa mobile money. Nikaamini, angeujuaje wimbo? Laki mbili ikaenda hivyo. Baadaye ndo nikakumbuka folda niliyompa jamaa wa kumiksi, naye akampitishia mwingine.

Na faili zenyewe zinakusema, usidhani ni kitambulisho tu. Rekoda ya aifoni ukiiruhusu lokesheni inaipa rekodi jina la mahali ulipo, yako moja nimeona imeandikwa mtaa wenu. Faili ya projekti, ile ya programu ya kutengenezea wimbo, mara nyingi inabeba njia za folda, yaani anwani za mahali faili zilipo kwenye kompyuta, na humo jina la mwenye kompyuta linakaa. MP3 ina tagi, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kuna maprodyuza wanaandika hadi namba ya simu humo wakasahau. Picha ya kava ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, lokesheni inatolewa, ila ukiituma kama dokyumenti ili isiharibike, inaenda nayo, na sisi wote tunatuma dokyumenti.

Siku hizi natoa stemu za WAV tu, yaani kila sehemu ya wimbo na faili lake la sauti, majina makavu, ngoma, besi, sauti 1, naingiza mtu kwa imeili yake, kazi ikiisha namtoa. Inachosha, sikatai.

Sheria ya kulinda data hapa Uganda tunayo tangu 2019, na ofisi ya kupeleka malalamiko ilianzishwa, chini ya NITA, mamlaka ya serikali ya teknolojia. Sawa, lakini NIN ikishasambaa hauibadilishi kama laini ya simu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma ifute hiyo picha, mpaka kwenye takataka ya draivu, halafu ifunge linki, nyimbo uzihamishie folda mpya yenye linki mpya. Waliopakua wameshapakua, so promota usiyemjua akikupigia wiki hii, mkatie unipigie mimi kwanza. Na besi ya wimbo wa pili, niongeze au niiache hivyo? Mama msalimie sana.