Safari ya Holili ya mgeni wako

Njiro, Arusha

Mpendwa Mama Doreen,

Shikamoo dada. Huku wote tu wazima, mvua tu ndiyo imetubania. Ujumbe wako kuhusu Lena, mgeni wenu kutoka Ulaya, nimeupata: anataka kutoka kwenda Kenya kupitia mpaka wa Holili kisha arudi apate siku mpya za viza. Najua unampenda kama mwanao, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu.

Kabla ya yote, chukua pasi yake usome muhuri wa kuingia. Msihesabu miezi mitatu, hesabuni siku. Viza ya kawaida ni siku 90 zikizidi sana, na 90 si miezi mitatu. Aliyeingia tarehe 5 Machi, ukiihesabu hiyo kuwa siku ya kwanza, siku ya 90 ni tarehe 2 Juni. Anayengoja tarehe 5 Juni ameshazidisha siku tatu, na mpakani hilo linaonekana mara moja. Kama afisa aliandika siku pungufu kwa kalamu, fuateni alichoandika.

Viza yake ya dola 50 ni ya kuingia mara moja, kwa hiyo akitaka siku mpya anahitaji viza mpya. Aiombe mapema kwenye tovuti ya Uhamiaji, ile inayoishia na go.tz. Ziko nyingine zinazofanana nayo, ni za mawakala wanaoongeza bei yao juu. Mahali pa kuingilia aandike Holili, na jibu likija alichapishe kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji palepale dirishani. Pasi nayo iwe na miezi sita mbele na ukurasa mtupu wa kugongea mihuri.

Sasa upande wa Kenya, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Tangu Januari 2024 Kenya haiuzi tena viza mpakani. Mgeni wa Ulaya lazima aombe kibali cha kusafiri mtandaoni, dola 30, na aombe siku tatu kabla au zaidi. Akifika Taveta, upande wa Kenya wa mpaka huo, bila kibali hicho atageuzwa. Na asipoingia Kenya, hajatoka Tanzania: siku zake zinaendelea kuhesabika zilezile na nauli imekwenda bure.

Kuna na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, hivyo anaporudi kwetu anaweza kudaiwa cheti. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma jana yake hakusaidii kitu. Akishachoma, cheti hicho ni cha maisha.

Siku yenyewe, mtoke Moshi alfajiri, mpite Himo, saa tatu asubuhi muwe mpakani. Mpaka wa Namanga nao unafaa, ila kwako Holili ni karibu zaidi na foleni yake ni fupi. Gari mliache upande wetu, maana kuvuka nalo kunataka bima na karatasi zake.

Utaratibu wa kituo cha pamoja, ambako maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unawachanganya watu, kwa hiyo mweleze Lena polepole. Anayekwenda Kenya hagongewi muhuri wa kutoka upande wetu. Anavuka hadi jengo la Taveta, na humo ndani anaanza na dirisha la afisa wa Tanzania, amgongee kutoka, ndipo aende kwa afisa wa Kenya amgongee kuingia. Kurudi ni vilevile kwa kugeuza: jengo la Holili, Mkenya kwanza, Mtanzania baadaye. Mihuri minne kwa jumla. Aihesabu kabla hajaondoka dirishani, na asome tarehe ya kila mmoja. Muhuri wa kutoka ukikosekana, kwenye pasi ataonekana hajawahi kuondoka, na kuja kulirekebisha hilo baadaye ni kazi kubwa.

Watakuja vijana kumwambia wampe pasi wamfanyie haraka. Asimpe mtu. Pasi inatoka mkononi mwake kwenda kwa afisa aliye dirishani, basi. Akiwa na dola za kulipia chochote, ziwe noti safi, zisizochanika wala kuandikwa, wala zisiwe za zamani.

Asigeuze siku hiyohiyo kama mtu aliyesahau pochi. Alale Taveta, au afike mji wa Voi huko mbele. Afisa ana haki ya kuuliza anarudi kufanya nini na ya kumpa siku chache, au kumkatalia kabisa. Asidanganye. Awe na tiketi yake ya kuondoka na barua yako ya mwenyeji.

Dada, kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Umesema anafundisha watoto pale shuleni. Kujitolea nako ni kazi mbele ya Uhamiaji, na viza ya matembezi haiiruhusu hata aende Holili mara kumi. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi Daraja C, na shule ndiyo inayopaswa kumwombea. Nenda na mwalimu mkuu ofisi ya Uhamiaji hapo Moshi wiki hii, siku zake zikiwa bado zipo. Mpaka kibali kitoke, asiingie darasani.

Nitumie picha ya ule ukurasa wenye muhuri nikuhesabie siku. Msalimie Baba Doreen na watoto.

Mdogo wako,
Neema